Namba Nyekundu Mlangoni

Jumapili, 6 Aprili 2014

Nimerudi kutoka gulio la vipuri vya magari ya kale na kichefuchefu. Si cha maharage ya pale — ingawa nayo! Ni cha uongo. Leo nimeona bodi tatu za magari zilizonyunyiziwa siki na chumvi ili zishike kutu haraka, zionekane zimelala jangwani miaka sitini. Kutu ya wiki mbili! Na watu wazima wenye mvi wanaipapasa na kusema, aaa, tazama historia. Historia gani? Ukilamba utapata kachumbari.

Na bingwa wa uchafu huo ni shemeji yangu mwenyewe, Rigo, kaka yake mke wangu Delfina. Ni mpaka-rangi hodari kuliko wote hapa mjini Lancaster, na mkono huo anautumia kuzeesha vitu vipya. Alikuwa na meza yake pale. Kaniona nimekunja uso, akacheka. Shemeji, wateja wanataka kulia, mimi nawauzia kitunguu tu.

Gari langu halitakuwa na uongo hata wa skrubu. Chesisi ya Ford ya mwaka '32. Injini ya Mercury ya '46. Giaboksi ya '39. Ekseli ya mbele ya lori ambalo hata jina lake limelika. Hakuna hata viwili vilivyozaliwa pamoja, na ndivyo vijana wa huku walivyounda magari yao ya kukimbiza kwenye ziwa kavu, lile tambarare la jangwani, kabla sijazaliwa. Unaokota jalalani, unaunga, unakanyaga mafuta. Lakini kila kipande kiwe cha wakati ule! Klabuni kwetu, wapenda magari haya wananiita Polisi. Waniite.

Imebaki bodi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepata bodi! Ford ya '29, haina paa, milango miwili midogo. Ilikuwa chini ya nyasi kavu kwenye ghala la Bi Lavonne Stambaugh, huko nje mashambani. Mama wa miaka themanini na miwili. Macho yana ukungu, anakutazama begani akidhani ni usoni.

Ilikuwa ya kaka yangu Emmett, akasema. Ilikimbia ziwani mwaka arobaini na nane. Nikaitikia kwa kichwa. Kila muuzaji, bodi yake ilikimbia ziwani! Kama zote zilikimbia kweli, ziwa lile lingekuwa na foleni.

Kaniachia kwa bei ya bure, kwa sharti kwamba siku moja aje aione. Karibu wakati wowote, mama, nikamwambia. Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nahesabu matundu ya kutu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeisugua nyasi na kinyesi cha njiwa. Mlango wa kushoto ukatokeza namba. 47. Nyekundu, iliyochujuka, yenye mikwaruzo mizuri mno.

Feki!

Yeyote anayejua mambo haya anajua: siku zile namba ziwani zilipakwa kwa dawa nyeupe ya viatu. Unashindana, jioni unafuta, unaliendesha hilo hilo gari kwenda kazini Jumatatu. Nani angepaka rangi ya mafuta? Tapeli fulani aliwahi kuingia kwenye ghala la yule mama, basi. Na alivyojitahidi! Kwenye mguu wa tarakimu ya saba kabonyeza hata alama ya kidole gumba. Kidole! Mistari yote ya ngozi inaonekana.

Rigo akaja na burito, chapati zilizokunjiwa mayai. Akainama mlangoni, akaacha kutafuna. Akapiga picha kwa simu, bila shaka apate kuiga. Kisha akasema kwa sauti ya chini: Shemeji, usiiguse hii. Mimi najua kughushi. Hii sijui ingeghushiwaje.

Nikamwambia sijafikia kufundishwa ukweli na muuza siki. Akaondoka na burito yangu.

Dawa ya kubabua rangi, kisha sufi ya chuma. Dakika ishirini. Chuma kitupu, kinang'aa. Nimejisikia msafi kama nimetoka kuoga.

Alhamisi, 17 Aprili

Bodi ya '29 haitaki chesisi ya '32. Nimekata sakafu, nimechomelea, nimekata tena. Upepo wa leo umejaza mchanga hadi kwenye kahawa. Gumba la kushoto limechanika. Saa kumi jioni ikakaa. Imekaa! Delfina kaja kutazama. Akauliza kama litakuwa na viti.

Jumatatu, 21 Aprili

Bi Stambaugh kapiga simu.

Anakuja Jumamosi, saa nne asubuhi, mjukuu wake atamleta. Nikamwambia gari halijaisha. Akasema haji kuona gari, anakuja kwa ajili ya namba. Na hahitaji macho, ataipata kwa kidole.

Nikauliza, namba gani, mama? Kama mpumbavu.

Yangu, akasema. Mimi ndiye niliyempakia Emmett. Wenziwe wote walikuwa na dawa ya viatu. Sisi dawa ya viatu tungeitoa wapi, kijana wangu, na viatu vyenyewe vya kuazimana? Shambani tulikuwa na rangi ya trekta, basi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Namalizia saba, kaka akanitekenya, nikajishika mlangoni, gumba likazama kwenye rangi. Nikataka kusawazisha, akakataa. Alisema hiyo ndiyo sahihi ya mchoraji.

Miaka miwili baadaye akaenda Korea. Hakikurudi kitu.

Kila Jumapili naingia ghalani, natia mkono chini ya nyasi, naliweka gumba langu pale, akasema. Linaingia sawasawa, ingawa limezeeka. Nimekosa wiki mbili hizi. Sikujua ningeumia hivi.

Naandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu. Nilisema: Ipo, mama. Ipo kama ulivyoiacha.

Jumanne, 22 Aprili

Sijala. Nimepekua ndoo ya takataka. Sufi ya chuma imejaa unga mwekundu. Nikaukusanya kwenye kopo. Kwa nini? Sijui. Mzee wa miaka sitini na minne amepiga magoti kwenye ndoo ya taka.

Alama halisi ya kidole halisi. Nami niliisugua huku napiga mluzi! Miaka thelathini nawanyooshea watu kidole klabuni, huyu mwongo, yule mwongo. Najichukia hadi kwenye kucha.

Jioni nikaenda kwa Rigo. Nikamwambia nahitaji ile picha yake. Na siki.

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku tatu Rigo yuko gereji kwangu. Kaipata rangi ya trekta, nyekundu ile ile. Taa ya joto kuikausha. Siki. Majani ya chai. Nyasi kavu za kukwaruzia, kiganja kizima, polepole, kama anamsugua mtoto mgongo. Mimi nikimshikia taa.

Imekamilika. Nimevaa miwani ya kusomea, nimesogeza pua hadi mlangoni. Siwezi kutofautisha. Mimi, Polisi! Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona na nasikia kinyaa nikiitazama.

Mguu wa saba Rigo kauacha mbichi makusudi. Haya shemeji, bonyeza. Nikanyoosha gumba langu, lina kovu na ni pana kama kijiko. La Rigo vilevile. Hilo la mwanamke, akasema, tena msichana. Muite dada.

Delfina akaja, tukamweleza. Akatutazama kama mende wawili kwenye sukari. Yule mama hana vidole? akauliza. Akarudi ndani akaendelea na maharage yake.

Rigo akasema tuazime cha binti wa jirani. Nikamwambia nenda nyumbani.

Jumamosi, 26 Aprili

Saa kumi na moja alfajiri nimeibabua yote. Dawa ile ile, mlango ule ule. Chuma kitupu tena.

Rigo kafika saa mbili, akaona, akatukana kwa Kihispania mpaka akaishiwa. Siku tatu! Kiuno changu! Kisha akanifungulia kopo la rangi ya trekta, akanipa brashi. Nikamwambia paka wewe, una mkono. Akakataa. Hii paka mwenyewe, Polisi.

Saa nne kasoro kumi nimepaka. 47. Nne imepinda. Mbichi, nyekundu ya kuumiza macho, mpya kabisa, haimdanganyi hata kipofu. Mguu wa saba nimeuongeza unene, gumba lake lipate pa kuzama.

Nitamwambia. Nimefanya mazoezi mbele ya Rigo mara tatu. Mama, niliifuta. Nilidhani ni ya uongo. Rigo anasema sauti yangu ni ya mtu anayeuza bima.

Saa nne na robo. Hawajafika. Rangi inaanza kushika ngozi juu. Nimepaka mguu wa saba tena.

Saa nne na nusu. Nimepaka tena. Rangi inatiririka, nafuta kwa shati. Akitaka kunizaba kofi nitamwinamia alifikie shavu. Akitaka bodi yake aichukue. Lakini kama atakataa kuweka kidole?

Gari kwenye changarawe. Ndio wao. Naandika nimesimama kwenye meza ya kazi.

Mjukuu kamshusha. Kavaa gauni la kanisani. Anatembea akitazama begani kwa Rigo, akidhani ni mimi, anatabasamu. Mkono wa kulia umeshatangulia, gumba limesimama kando ya vidole vingine, linatafuta.

Rigo ananong'ona, sema shemeji, sema kabla hajafika mlangoni.

Hatua kama sita. Rangi bado mbichi. Sijasema. Naweka kalamu chini.