Nilimupisha Yaya Furaha

Mama yangu mupenzi,

Jambo kwako na kwa wote wanaolala chini ya mabati yako. Mumeamukaje? Kifua cha Papa kimepona? Juzi ulipopiga telefone nilisikia mizinga nyuma ya sauti yako, ukaniambia ni radi. Mama, miye nilizaliwa Kibati. Radi naijua.

Kasereka, wewe unayemusomea Mama, kama Mama Furaha iko karibu, funga kwanza hii telefone unayosomea barua. Ngoja aende kuchota maji. Kisha usome yote, hata pale penye haya.

Miye niko muzima. Huku Rumania baridi inaingia mpaka kwenye meno. Tangu nimalize ule mwaka moja wa chuo Kampala na hii ekipe ya mupira wa kikapu ikaniita, nakuambia kila wiki kwamba nacheza vizuri. Ni nusu ya ukweli. Nakimbia, naruka, lakini kusema naogopa, na kocha anapenda muchezaji wa kelele. Wenzangu wananiita Kanisa, juu ya kunyamaza kwangu.

Sasa sikia. Samedi, ile Jumamosi iliyopita, tulicheza na ekipe ya Yaya Furaha, yule niliyemuita dada mukubwa kule Kibati. Ndiyo, binti ya huyo Mama Furaha uliyemupokea nyumbani na wajukuu wake watatu. Nilijua anacheza baskete hii inchi, lakini tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Kocha akanipa kazi moja: kumuzuia yeye.

Toka mwanzo alinitania kwa Kiswahili, wazungu wote hawasikii kitu. "Kahindo, kamasi ilikauka? Miye nilikupanguza hiyo pua mpaka kitenge changu kikaoza."

"Ndiyo, yaya," nikajibu.

Unakumbuka siku tulikimbia vita ya Kibati. Wewe ulikuwa na Kasereka kifuani, yeye akanibeba mugongoni mpaka Goma, godoro lao akaliacha njiani. Mutu kama huyo unamuzuia namna gani?

Lakini nilimuzuia. Mwishoni tulikuwa mbele kwa pointi moja, sekunde zimebaki kidogo. Akaja na mupira, akaniangalia, akasema pole pole, kama anaingia kwetu jikoni: "Nipishe, mudogo yangu." Nikapisha. Sikufikiri, Mama. Miguu ilisogea yenyewe, kama vile mukubwa anapita mulangoni. Akafunga. Tukapoteza.

Kocha akaniita ofisini. "Walikupa nini umuache apite?" Nililia tu. Akasema tunarudiana samedi hii; nikipisha tena, kontra, mukataba wangu wa kucheza, inakatwa, na makaratasi ya kukaa huku yanaisha nayo. Na nyumba nzima, pamoja na wakimbizi wako, inakula kwa hiyo kontra.

Kesho yake Yaya alinipigia. Alicheka kwanza. Kisha akasema goti lake limechoka, na wakubwa wa ekipe yake wanangojea samedi kuona kama watamubakisha. "Watoto wangu wanakula kwa hii goti," akasema. Hakuniomba kitu. Ingekuwa afazali aniombe.

Nimeamua sitamupisha. Lakini kumuambia mwenyewe siwezi, mudomo unakatala, na kwetu mutoto hajiombei musamaha kwa mukubwa. Muzazi ndiye anatangulia. Basi Mama, ukae chini na Mama Furaha. Umuombe musamaha kwa jina langu, kosa lenyewe likiwa bado halijafanyika. Umuambie nitamuzuia binti yake kwa nguvu yote, na naona haya.

Unisalimie Papa, na shangazi, tantine Masika anayeuza unga kule Birere, na muzee katekista aliyeniombea safari. Wale watoto watatu wa Yaya uwakumbatie, usiwaambie sababu.

Mama Furaha akikubali, unipigie siku ile ile. Akikatala, usinipigie kabla ya samedi.

Ni miye mutoto wako,
Kahindo