Kicheko cha Bibi

Jumanne, baada ya isha

Tena leo. Binamu yangu Zuhura, aliyehamia kwetu kutoka Mgeta, alikuwa anamenya njegere na Bibi huku wakiongea Kiluguru. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi sijawahi kumchekesha hivyo.

Nikauliza, "Mnanisema mimi?"

"Nani akuseme wewe, mjukuu wangu? Tunamsema jogoo wa jirani."

Zuhura akadakia, "Ukitafsiri haichekeshi, dada."

Nikaingia ndani, nikasingizia homuweki ya Kiingereza.

Ni wivu. Haya, nimeuandika. Na Zuhura hajaninyang'anya kitu. Nilipokuwa darasa la tano, Bibi alikuwa akinisemesha Kiluguru mbele ya wenzangu. Mimi naona aibu, namjibu kwa Kiswahili. Kila siku hivyo hivyo, mpaka akaacha.