Nyumba Inauzwa na Mzee Ndani

Shoga, nimetoka kuiona ile nyumba ya karibu na hospitali. Ngoja nikusimulie.

Bei naimudu, na kazini natembea tu. Kumbe chumba cha nyuma amelala mzee, baba mzazi wa muuzaji.

Namuuliza dalali, huyu anahamia wapi? Ananinong'oneza, "Usijali dada, huyo hana siku nyingi."

Hana siku nyingi. Kasema hivyo huku anatafuna bablishi.

Mimi nimetoka zamu, bado nina sare. Mzee kuniona tu, akakunja mkono wa shati. "Mwanangu aliniahidi nesi. Karibu, mama."

Ningefanyaje? Kipimo kilikuwa mkobani, nikampima presha.

Dalali kanikimbilia hadi getini, uso umemchangamka. "Vipi dada, presha iko juu?"