Damu Imehama Mfereji

Mama Neema, malkia wa migomba ya Akheri, bado umeninunia?

Leo wameuchoma sindano ya kuuziba ule mshipa wa mguu uliovimba, unaouita nyoka. Daktari, binti mdogo, aliniamkia shikamoo ndipo akanichoma. Nikamuuliza, "Sasa damu itapita wapi?"

"Itapita mishipa mingine, babu."

Kumbe ni kama mfereji wetu: ukiuziba huku, maji yanahamia kule!

Kisha akaniamuru nitembee. Nikazunguka mitaa ya Levolosi, hapa mjini, kama niko ndotoni, soksi ya kubana hadi pajani, Mlima Meru ukielea juu ya mabati, wenyewe hauna miguu ya kuuma.

Najua umechoka kunisubiri kila kona tukipanda kanisani. Jumapili wewe ndiye utakayesema, "Baba Neema, ningoje." Nitakungoja, mke wangu.

Mzee wako wa soksi