Kanisa Limehamishwa Zima, Bibi Kapewa Namba

Jumamosi. Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi. Theluji tangu asubuhi, na mimi nina hasira.

Wiki ya tatu ya mafunzo, tumeletwa kutembelea mji huu wa machimbo ya chuma. Ardhi inatitia kwa kuchimbwa, kwa hiyo mji wanauhamisha. Kanisa lao la mbao walilipakia zima juu ya magari, wakalisogeza taratibu huku watu wamejipanga barabarani. Mwongozaji alisimulia kama anayesimulia harusi. Wenzangu walipiga picha, mimi nikatoka nje kulia.

Kwa nini wao waliweza?

Bibi mzaa baba alizikwa kijijini kwetu, Nzega. Mwaka huu wachimba dhahabu walilitaka eneo lile. Sisi ni Wakristo, Wamoraviani, lakini kwetu kaburi halifukuliwi hivi hivi. Shangazi, binti yake mkubwa, alipaswa kukoroga unga wa mtama kwa maji, aumwage pale, amwite mama yake kwa jina na kumwambia anapelekwa wapi. Shangazi anakaa Urambo na miguu ilikuwa inamsumbua, ndugu wakamngoja apate nafuu.

Alipofika alikuta shimo. Bibi alishapelekwa makaburi mapya, kwenye safu ya vibao vya namba, na hakuna aliyejua chake ni kipi.

Nimewalaani watu wale kwa kila anayenisikiliza. Wanastahili.

Lakini kuna jambo sijalisema popote. Barua ya wachimbaji ya kuhamisha kaburi, baba mkubwa aliipiga picha akanitumia Tabora, maana mimi ndiye msomi wa ukoo. Nilisoma ukurasa wa kwanza tu, nikamwambia iko sawa, atie sahihi. Ukurasa wa pili ulisema ndugu wasipojitokeza ndani ya siku saba, kazi itaendelea bila wao.

Tangu siku ile shangazi hamsemeshi kaka yake. Anasema kamuuza mama yao. Baba mkubwa hajanitaja hata mara moja, nami nimemwacha anyamaze.

Nilimwacha!

Mchana huu nimempigia shangazi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo kaka yangu nimemnunia bure," akasema, akakata.

Sasa nampigia baba mkubwa. Hapokei. Nitapiga mpaka apokee.