Kizimba cha Mashavu na Kitanda cha Mwanangu

Mshauri wetu mpendwa, kama umenizidi umri shikamoo, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mama mwenzio. Mimi ukurasa wako nausoma kila gazeti linapokuja maana wateja wangu huyaacha mezani, na siku zote nasema jamani watu wana shida, kumbe na yangu ilikuwa njiani, tena naona haya kuiandika kwa sababu wenzangu wanakuletea habari za waume na mimi nakuletea habari za mnyama anayeenea kiganjani, lakini nisaidie tu.

Mimi ni mshonaji, nashona sare za shule, na si kwa kujisifu lakini uliza mtaa mzima, sketi yangu mtoto anaivaa mpaka anamwachia mdogo wake na marinda bado yamesimama. Nina mtoto mmoja tu wa kike na huyo mmoja namhesabu kwa kumi, kwa sababu ni fundi wa injini za ndege, na nielewe vizuri, si ndege za karatasi, zile zinazopaa na watu ndani, yeye ndiye anayeingia mle tumboni mwa injini na spana yake na akitoka anasema haya ruka, na inaruka. Nilimsomesha kwa cherehani hii hii. Jina langu la kuzaliwa watu wameshalisahau, naitwa Mama Injinia, na mimi wala siwakumbushi.

Basi amepata kazi ya kudumu mji mwingine, mbali, na mwenye nyumba aliyempangisha hataki mnyama wa aina yoyote, ndipo akaniachia hamsta wake. Kwa asiyemjua hamsta, ni kama panya aliyenenepa, mkia karibu hana, na akipewa chakula hukijaza mashavuni mpaka uso unakuwa kama wa mtu anayepuliza moto, ndiyo maana tunamwita Mashavu. Alikuja ndani ya boksi la viatu maana kizimba chake cha zamani kilivunjika wakati wa kuhamisha vitu, mwanangu akasema mama mtafutie kizuri, nami nikasema hilo niachie mimi, napima watu wazima na vitambi vyao sembuse huyu.

Nikampima kweli mshauri, nikamlaza juu ya meza ya kukatia nguo, tepu kuanzia puani mpaka nyuma, nikapima na tumbo, nikaongeza nafasi ya kupumulia kama ninavyomwongezea mtoto anayekua, nikaenda dukani nikanunua kizimba kinachomkaa sawasawa, cha waya wa rangi ya dhahabu, kina ghorofa tatu na ngazi zake na kigurudumu cha kuchezea. Nikakiweka juu ya stuli kando ya cherehani na kuwaita majirani, nikawaambia mnyama wa injinia hakai chini, anakaa ghorofani.

Sasa Mashavu hana raha. Jua likizama tu anaanza kuutafuna waya, kra kra kra, huku na huku, pua imeshanyonyoka manyoya, akipanda kile kigurudumu mgongo unajikunja kama ndizi, na juzi ameanguka kutoka ghorofa ya juu akatulia pale chini mpaka nikadhani ndiyo basi tena, nikapiga magoti, nikamwambia Mashavu, Mashavu baba, usinifanyie hivyo, mimi bibi yako nitamwambia nini mama yako. Akainuka, akarudi kutafuna.

Jirani yangu seremala alipita kuangalia, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mama Injinia, huyu umemjengea nyumba au umemshonea koti?"

"Kwani limempwaya?"

"Limembana! Huyu mbio zake ni za chini, ghorofa za nini? Mpe sakafu. Mita nzima kwenda mbele, nusu mita upana, nakutengenezea mwenyewe. Wewe nionyeshe tu pa kukiweka."

Hapo ndipo penye taabu yangu, pa kukiweka. Sebuleni kuna cherehani, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa mpaka dirishani, wateja wenyewe wanasimama upande upande. Chumbani kwangu kuna kitanda na kabati, katikati imebaki nafasi ya kupita mtu mmoja. Kimebaki chumba cha mwanangu, na humo kuna kitanda chake. Kile kitanda nakitandika kila Jumamosi, nabadilisha shuka ingawa hazina hata kunyanzi. Ovaroli yake ya mafunzo inaning'inia nyuma ya mlango, bado inanuka mafuta ya mashine, na mimi ninayefua kila kitu, ile sijaifua.

Nikamweleza kwenye simu. Yeye akipiga huanza na "Mashavu hajambo?" halafu ndiyo nifuate mimi, na simu zenyewe siku hizi ni fupi kwa sababu ya zamu za kazi. Nilipomwambia nafasi hakuna akajibu pale pale, hata pumzi hakuvuta:

"Sasa mama, kile kitanda kinalaliwa na nani? Kitoe, muweke Mashavu pale."

Nikasema mwanangu sikusikii, mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilikuwa namsikia kama yuko jikoni.

Tangu siku ile seremala akinisalimia najitia nimebana pini mdomoni siwezi kujibu. Nakuomba mshauri, wewe uliyesoma, nitajie kipimo kidogo kabisa ambacho mnyama huyu anaweza kuishi nacho, kitakachokaa juu ya ile stuli hata tukikipanua kidogo pembeni, au kama hakipo basi nimnunulie mwenzake, maana nafikiri labda shida si kubanwa, labda ni upweke, mchana kutwa amelala na jioni hana wa kuzungumza naye isipokuwa mimi, na mimi nimeshamweleza kila kitu nilicho nacho. Wakiwa wawili watasahau.

Usije tu ukaniambia nitoe kitanda. Hilo nimeshaambiwa.

Ni mimi,
Mama Injinia

MSHAURI ANAJIBU

Mama Injinia, pole. Na sasa nisikilize, maana nitakuambia hilo hilo ulilonikataza.

Tuanze na Mashavu. Kizimba si sare, mama. Sare unapima mwili, kizimba unapima mbio. Wewe ulinunua kitu cha majirani kuangalia, na majirani wamekwisha kuangalia na kurudi makwao, mnyama ndiye aliyebaki ndani. Seremala wako yuko sawa: mita moja kwa nusu mita, tena hapo ni pa kuanzia, akiweza kuongeza aongeze. Ghorofa toa zote, macho yake ni hafifu na ataanguka tena. Chini mwaga maranda safi yasiyo na vumbi wala harufu, yamezidi shibiri kwa kina, apate kuchimba. Gurudumu liwe kubwa kama sinia, lisilo na mianya ya kunasa mguu, akikimbia mgongo ubaki umenyooka. Mbao za ndani zisiguswe na rangi, kwa sababu atazitafuna. Kisikae juani, na kisikae karibu na cherehani inayopiga kelele wakati mwenzio amelala. Kabla ya yote hayo mpeleke kwa daktari wa mifugo, amwangalie hiyo pua na huko kuanguka.

Mwenzake? Usithubutu. Ukiwaweka pamoja watapigana mpaka umzike mmoja. Hamsta wa aina yake akiwa peke yake ndiyo yuko salama, hana anayemkosa. Anayefika jioni bila mtu wa kuzungumza naye si yeye, na hilo umeliandika kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa kitanda. Kitoke. Najua unachokiogopa: siku kitakapovuka mlango utakuwa umekubali kwamba hatarudi kukaa. Lakini ameshaondoka, mama. Ulikuwa unamsomesha afanye nini? Ndege azitengenezee sebuleni, kati ya marobota? Unatangaza mtaani kwamba mwanao anaziambia ndege ruka, kisha kila Jumamosi unamtandikia kama anarudi kutoka shule jioni hiyo.

Binti yako naye nina neno naye. Mama mtu husalimiwa kwanza, mnyama baadaye. Hata hivyo atajuaje? Kila akigusa panapouma, simu inaharibika. Kwake kitanda ni mbao tu, kwa kuwa hujamwambia kuwa ni zaidi ya hapo.

Kwa hiyo usianze na seremala. Mpigie mwanao wewe, usisubiri yeye apige. Mwambie, mwanangu, kukitoa kitanda chako kunaniuma. Usianze na habari za Mashavu, atakuzungusha huko huko. Sema, kisha nyamaza, umwache ajibu.

Ukishamaliza, tema hizo pini, mwite seremala. Abebe fremu ya kitanda, apige kizimba mahali pake, na wewe weka kiti kando yake. Ovaroli iache nyuma ya mlango, haijamnyima mtu nafasi. Godoro usimpe mtu. Lifunge vizuri kwa kitambaa, si unavyo, lisimamishe kando ya kabati. Akija likizo litandike chumbani kwako, pale katikati. Nafasi inayotosha mtu kupita inatosha mtu kulala, na mtakuwa karibu kiasi cha kusikiana bila kupaza sauti.

Mpaka siku hiyo, akipiga simu, mama, mtandao usikatike.