Kamera Inayovuliwa Jicho

Mdogo wangu niliyekubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda,

Nakusalimu salamu nyingi, zangu na za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi na mjukuu wetu Nyigu tu. Goti lako likoje? Na mumeo je, bado anakohoa huku akikataa kwenda kupimwa? Mwambie shemeji yangu kwamba kifua si mlango, hakifungwi kwa ubishi. Sisi huku tu wazima. Meno yangu yananiaga moja moja, lakini ulimi haujapungua hata kidogo, kama utakavyoona mwenyewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ya humu ndani ina masikio mawili, na yote ni ya Nyigu. Kuta zetu nazo unazijua, mtu akijikuna chumbani, jirani anauliza ni mbu au ni kunguni. Kwa hiyo nimekamata kalamu. Herufi zenyewe nilizidokoa kwa wanangu pale mezani walipokuwa wakifanya kazi zao za shule, mimi nikimenya viazi, basi zikipinda, pinda nazo.

Jambo lililonikalisha hapa ni kamera. Tena si moja, mbili.

Nyigu, kama unavyojua, anapiga watu picha za pasipoti na vitambulisho kwenye ile studio inayotazamana na ofisi za serikali. Kamera ni ya mwenye studio, na mwenye studio akiondoka, kamera inaondoka naye. Basi mjukuu wako akaanza kuimba kwamba anataka ya kwake. Si ya mabingwa, ya kuanzia tu, ila iwe ile ambayo lenzi inatoka, inawekwa nyingine. Nikamwuliza itoke iende wapi. Akacheka, akanieleza kwamba lenzi ndiyo jicho la kamera, kuna jicho fupi la kupigia uso wa mtu aliye mbele yako na jicho refu la kumvuta mchezaji aliye mwisho wa uwanja. Nikamwambia kitu kinachovua jicho kikavaa jingine mimi sikiamini. Babu yake alikuwa na macho mawili tu, yasiyotoka, na bado nilizeeka naye bila kujua anamtazama nani.

Siku hiyo hiyo akaingia nazo zote mbili. Alipewa na muuzaji wa duka la kamera, mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga, azijaribu wiki moja, kisha moja ainunue, nyingine airudishe. Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Tangu lini muuzaji akakabidhi vitu viwili kwa mtu asiyelipia hata kimoja, kisha akaenda kulala usingizi? Nikasema huyo mama ana lake jambo, bila shaka mojawapo ni mbovu na anatafuta mgongo wa kuibebesha. Nyigu akasema nimwache mwenzake, walisoma darasa moja. Nikamjibu kwamba anayekuibia vizuri ni yule anayejua unapoficha ufunguo. Akaniita mke mwenzangu mwenye wivu, akaenda kuchaji betri.

Nikueleze hizo kamera, maana nimekaa nazo kuliko nilivyokaa na wakwe wengine. Ya kwanza ni kubwa, nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa. Tumboni ina kioo, na ukibonyeza, kioo kinaruka, kinalia kwap, kama mtu kafunga kabati kwa hasira. Unajua umepigwa. Betri yake ukiichaji leo unaisahau, na macho yake ya mitumba yamejaa mjini. Ya pili ni ndogo, inakaa kiganjani kama kipande cha sabuni. Haina kioo, na ukiiamuru inyamaze, inanyamaza kabisa. Hiyo niliitilia shaka tangu mlangoni. Kitu kinachokupiga picha bila kutoa sauti kina tofauti gani na jirani anayechungulia dirishani? Alininasa nayo nikichokonoa meno, mdogo wangu, sikujua mpaka aliponionyesha mdomo wangu wazi kama mfuko wa soko.

Akazijaribu. Aliniketisha mbele ya shuka jeupe, akanipiga kwa zote mbili, kichwa wima, bibi usitabasamu, kama vile nilikuwa na la kutabasamia. Kubwa ilinitoa vizuri, kila kunyanzi na mahali pake. Akaenda nazo harusini kwa binti wa fundi cherehani, kubwa ikafanya kazi kutwa nzima, ndogo ikaishiwa na betri bibi harusi akiwa bado anaingia. Nikafurahi. Kisha akaenda nazo kwenye mpira wa wavu wa wasichana, akavisha kila moja jicho refu. Aliporudi alikuwa anaruka mwenyewe kama mpira. Kumbe ile ndogo inashika uso wa mtu anayekimbia, haiuachi, aruke, apinde, iko naye. Ile kubwa ilikuwa ikimtafuta msichana wakati msichana amekwisha tua. Nyigu akasema sasa ameelewa. Kubwa ni ya mtu anayekaa, wa studio na harusi, watu waliotulia wakisubiri. Ndogo ni ya mtu anayetembea.

Anayekaa, anayetembea. Nilisikia maneno hayo nikaacha kisu ndani ya kiazi.

Tangu hapo nikafungua macho. Nikamwona anapokea simu nje, kule kwenye kamba ya nguo, anacheka kwa sauti ya kuazima. Nikimwuliza ni nani, ananiambia si kitu. Wewe na mimi tumezaa, tunajua kwamba "si kitu" ndicho kitu kikubwa kuliko vyote. Nikadhani ni mwanamume. Nikanusa mashati yake, yalinuka jasho lake tu. Kisha nikakuta begi lile la safari, ambalo halijaguswa tangu mama yake aondoke, limefuliwa na kuanikwa nyuma ya shuka ili nisilione. Mtu anayefua begi haendi dukani kununua chumvi.

Nilimbana akiwa na mkate mdomoni, hana pa kukimbilia. Akasema ni gazeti la michezo, huko huko kwenye mji wako. Wanataka mtu wa kufuata ligi ya wanawake, mji kwa mji, aje na kamera yake. Mhariri alikuwa ameona picha zake za wasichana wa mpira wa wavu, akataka aone nyingine, za mechi ya Jumamosi. Zikiwa nzuri, kazi ni yake. Zisipokuwa nzuri, basi. Nikamwuliza mhariri huyo ni mwanamume mwenye mke au ni mwanamume tu. Akasema hajui, hakuomba kazi ya kuolewa.

Mdogo wangu, mlango wangu unaujua. Mwanangu wa kwanza alitoka akisema anakwenda kidogo. Wa pili akasema anamfuata mkubwa, atarudi mvua zikikatika. Mama yake Nyigu akaniachia mtoto amelala, akasema ni mkataba wa kazi tu, na ni mkataba hadi leo. Mlango mzuri, hautoi sauti, unafunguka upande mmoja.

Jumamosi Nyigu akaenda na ile ndogo. Akarudi uso umeshuka mpaka kifuani. Kila picha ilikuwa na doa, ukungu fulani pembeni, kama mtu kapumulia kioo, na penye anga jeupe ndipo lilipoonekana zaidi. Alibadilisha jicho refu akaweka fupi, doa liko pale pale. Akajua si jicho, ni ndani. Akaketi sakafuni akasema kwamba mwenzake amempa kamera mbovu. Nami nikasema, na maneno yangu nayakumbuka, si nilikwambia?

Jumatatu akairudisha dukani. Mwenye duka akamfokea yule mama mbele ya wateja, mtoto mgongoni, kwamba ametoa mali bila ruhusa, imeharibika, ataigharimia au aondoke. Nyigu alinisimulia mwenyewe. Yule mama aliapa kwamba alimpa nzima, na Nyigu akamjibu kwamba nzima haina madoa. Marafiki wa darasa moja wakaachana hivyo, hawakuagana. Kisha mjukuu wako akaniambia basi, atachukua ile kubwa, abaki studio, na gazeti atalipigia simu aliambie kwamba hawezi. Jioni ile nilikuwa naosha vyombo, nikajisikia naimba.

Sasa keti, kama ulikuwa umesimama. Mumeo asikusomee begani.

Doa lile nililiweka mimi.

Ijumaa, Nyigu akiwa bafuni. Alikuwa amenionyesha mwenyewe, kwa furaha ya mtu anayemwamini bibi yake, kwamba ile kubwa ukiivua jicho unakuta kioo kimesimama mlangoni kama askari, lakini ile ndogo ukiivua, moyo wake uko wazi, kibamba kidogo kinachometa kama ndani ya kombe. Akaniambia hapo hata usipumulie. Basi nilichovya kidole gumba kwenye mafuta yangu ya kujipaka, nikavua jicho, nikakandamiza. Nikalirudisha, nikalizungusha mpaka likalia tik, kama alivyonifundisha. Nikaenda jikoni kukata vitunguu ambavyo hatukuvihitaji, ili macho yapate sababu.

Nilidhani ni mambo yangu na chuma. Sikumweka yule mama kwenye hesabu, wala mtoto wake. Usiku ule, nilipomkumbuka akifokewa mtoto mgongoni, nikatoka kitandani nikaketi mpaka alfajiri. Wiki nzima nilikuwa namtafuta mwizi, nanusa mashati ya watu, kumbe mwizi ndiye aliyekuwa anaosha vyombo akiimba.

Jumanne nikavaa viatu vya kutokea nikaenda dukani peke yangu. Nilisubiri wateja wajae, maana yeye alifokewa mbele ya watu. Nikasema kwa sauti kwamba kamera hii ilitoka hapa nzima, mimi ndiye niliyeipaka mafuta, huyu hana kosa. Nikamwambia mwenye duka kwamba zile kelele za jana azitoe tena, sasa mwenyewe nimekuja. Akatazama kiatu chake. Akamwita fundi, fundi akachukua kijiti chenye kitambaa laini, tone moja la dawa, akafuta mara moja kwenda na mara moja kurudi, akasema tayari. Ubaya wote ule, mdogo wangu, umefutwa na kijiti! Nikamwomba radhi yule mama. Hakunipa maneno matamu. Alisema angependa ningekuja kabla ya kelele, si baada. Nikakubali kosa, na wewe unajua hiyo ni ajabu. Kisha akanipa mtoto nimshike ili apange kabati, nikaona nimesamehewa nusu.

Nyumbani nikamwambia Nyigu mwenyewe, kabla hajaambiwa. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alitoka, akaenda kwa mwenzake, akarudi macho yamevimba. Toka hapo hakuniita tena mke mwenzangu. Aliniita bibi, kwa adabu, kama karani wa benki, bibi shikamoo, bibi chakula tayari. Ingekuwa afadhali anitukane.

Alhamisi akaketi mbele yangu kunikata kucha za miguu, maana mimi sizifikii. Akiwa ameinamisha kichwa akasema kwamba alikuwa akinisubiri. Wiki yote ile ya kamera alikuwa akinisubiri nifungue mdomo, niseme tu, Nyigu usiende. Ningesema, asingekwenda, na asingeninunia maisha yake yote. Akasema hata sasa, nikitaka kusema, niseme, hajalipigia gazeti kuomba mechi nyingine wala kukataa. Kisha akashika mguu wangu, akangoja.

Ungekuwepo ungemwona dada yako mwenye mdomo. Neno lilikuwa limefika hapa kwenye fizi. Nikamwambia akate kucha vizuri, asinikate kidole.

Basi alirudi uwanjani kwa mechi nyingine, na kamera ndogo aliyoinunua badala ya ile kubwa, haina doa, na gazeti limeikubali kazi yake. Atafika kwako Jumapili. Toa yale magodoro kwenye chumba cha nyuma. Akikaa kwenye kompyuta na picha zake atakuambia amekula, usimwamini, funua sufuria. Mhariri huyo nenda ukamwone kwa macho yako, utazame kama anatazama picha au anatazama wapiga picha. Mpeleleze kila anayemzunguka Nyigu, kwa niaba yangu, ila yeye mwenyewe mwache atembee.

Kisha kuna hili moja, ndilo lililonifanya nitumie kalamu. Siku moja nitakupigia simu. Labda mvua itakuwa inanyesha na nyumba itakuwa kimya. Nitakuambia naumwa, au nitatunga jingine, unajua nina ufundi, na nitakuomba umwambie Nyigu arudi. Siku hiyo, mdogo wangu, niambie hunisikii vizuri, kisha ukate simu.

Msalimie shemeji na kifua chake. Msalimie kila atakayekuuliza habari zangu, na asiyeuliza mwache. Goti lipake mafuta. Mafuta yangu mimi nimeyagawa.

Ni mimi dada yako,
yule yule mwenye mdomo